Probox ni gari la mzigo, na mzigo ni sisi

Kama unasoma hii ukiwa Nairobi, najua picha iliyokujia kichwani uliposoma neno Probox. Umeona gari jeupe lililoinuliwa nyuma kama panzi, linakupita Mombasa Road upande usiofaa, dereva ametoa kiwiko dirishani. Umefikiria miraa. Labda umekumbuka vichekesho vyote vya mtandaoni kuhusu watu wa Probox, na umecheka kidogo. Cheka tu, mimi pia huvicheka.

Lakini mimi niko Wote, na hapa Probox si kichekesho. Mwalimu anayefundisha Kathonzweni anafika kazini kwa Probox. Susu akitaka kuleta gunia la ndengu sokoni, analileta kwa Probox. Mama akishikwa na uchungu saa nane usiku huko ndani ambako ambulensi ikipigiwa simu inauliza njia mara tatu, jirani anaamshwa, na jirani huyo ana Probox. Nimeona Probox ikibeba bibi harusi Jumamosi na ikibeba jeneza Jumatatu, gari lile lile, dereva yule yule, amebadilisha shati tu.

Kwa hivyo leo nitalisifu gari hili, kwa sababu linastahili. Halafu nitakuambia kinachoniuma.

Tuanze nyuma kidogo, kabla ya mimi na wewe kuzaliwa. Waulize wazee wako walikuwa wakisafiri na nini miaka ya sabini na themanini. Watakuambia Peugeot, ila watatamka Pijo. Ilikuwa 404, halafu 504, ile ndefu ya safu tatu za viti. Watu hawakuipenda kwa ajili ya urembo. Waliipenda kwa sababu waliiona ikiteswa hadharani na haifi. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Hayo mashindano yalipita kwenye vumbi na matope yale yale ya barabara zetu, kwa hivyo mkulima aliyesimama kando ya barabara akitazama alikuwa anafanya utafiti wa soko bila kujua. Gari likipita mbele yake likiwa zima baada ya maelfu ya kilomita, alijua hilo ndilo la kununua siku akipata pesa. Na 504 zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa Kenya, kwa hivyo spea hazikuwa hadithi ya kungoja meli.

Tulijaribu pia kuwa na letu. Mwaka 1986 Rais Moi alikiambia Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa Kasarani mbele ya umati. Hayakufika sokoni hata siku moja. Sisemi hivyo kwa kejeli. Sema tu wazazi wetu walipongoja gari la bei nafuu la kwetu na likakosa kuja, walilazimika kuangalia kwingine, na kwingine kulikuwa Japani, kwenye magari yaliyotumika. Mpaka leo sheria ni ile ile: usukani uwe kulia, na gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka. Hiyo sheria ya miaka 8 ndiyo inayoamua kijana wa Wote ataendesha nini. Kile ambacho kampuni ya Osaka imechoka nacho leo, ndicho kitakuwa steji yetu kesho.

Na kampuni za Japani zilikuwa na Probox nyingi sana.

Toyota walianza kuiuza Julai 2002, ichukue nafasi ya zile Corolla za mizigo. Iliundwa na Daihatsu, kampuni ya familia ya Toyota, kwenye kiwanda chao cha Kyoto. Haikulengwa kwa familia ya kwenda pikiniki. Ililengwa kwa mtu wa mauzo, fundi wa simu, mtu wa kupeleka sampuli za dawa, mtu ambaye gari ndilo ofisi yake. Ndiyo maana ukikaa mbele utaona kuna kimeza kidogo unachokivuta kutoka kwenye dashibodi. Mjapani alikuwa anaweka pale makaratasi au chakula cha mchana. Hapa Wote nimeona kikiwekwa simu tatu, sarafu za chenji na chupa ya maji.

Sasa sikia jambo ambalo watu wengi wanaolipanda kila siku hawalijui. Umewahi kujiuliza mbona kiti cha nyuma cha Probox ni kama benchi la kanisani? Kimesimama wima, ni chembamba, magoti yanagusa kiti cha mbele. Si kwamba Toyota walishindwa kutengeneza kiti. Huko Japani Probox ya aina hii inasajiliwa kama gari la mizigo, na sheria yao inataka gari la mizigo liwe na nafasi kubwa ya mzigo kuliko nafasi ya watu. Kwa hivyo kiti cha nyuma kilisukumwa mbele makusudi ili buti iwe kubwa. Kiti kile ni cha dharura. Cha mtu wa kumsaidia fundi kubeba ngazi, dakika kumi na tano, wamefika. Sisi tumekifanya kiti cha kwenda Machakos.

Chini ya boneti ndiko mapenzi yalipo. Ile tunayoipenda sana ina injini ya 1NZ, sisi 1500. Ukifungua Vitz kadhaa, Fielder, Premio na Allion za 1500, Ractis, Ist, utaikuta injini hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba hakuna fundi wa Wote, hata yule wa chini ya mwembe asiye na bango, ambaye hajawahi kuifungua. Maana yake ni kwamba plagi, pampu ya maji, hata injini nzima ya mitumba inapatikana bila kusafiri. Haina ule mkanda wa mpira ambao ukikatika unaua injini, ina cheni. Mafuta inakunywa kwa adabu. Nyuma hawakuweka zile springi za majani za Corolla za zamani, waliweka springi za koili kwenye ekseli ngumu, kwa hivyo ikiwa tupu hairuki kama mbuzi. Breki za mbele ni diski, za nyuma ni ngoma. Hakuna kitu hapo cha kumshangaza mtu. Na hiyo ndiyo siri yenyewe: gari lisilomshangaza fundi halimfilisi mwenyewe.

Mwaka 2014 walibadilisha sura, wakaweka giaboksi ya CVT kwenye za otomatiki. Mwaka 2018 wakaleta ya haibridi, na mwaka huo huo Mazda wakaanza kuiuza Probox hiyo hiyo wakiiita Familia Van. Pacha wake Succeed alistaafishwa mwaka 2020. Yeye yupo tu. Wangapi kati ya magari ya 2002 bado yana jina lile lile na kazi ile ile leo? Simu uliyokuwa nayo mwaka jana hata chaja yake huijui iko wapi.

Kwa hivyo ukiniona nikimtetea mwenye Probox mbele ya jamaa wa Subaru, usidhani natania. Wenye Subaru wana kelele. Mwenye Probox ana karo ya watoto watatu.

Haya, sasa kinachoniuma.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilirudi nyumbani nikakaa miezi kadhaa kwenye steji hapa Wote nikiitia magari abiria. Si kazi ya kujivunia wala ya kuficha. Unalipwa kila gari likijaa, kwa hivyo unajifunza haraka maana ya kujaa. Kwenye karatasi Probox ina viti 5: dereva na abiria 4. Kwenye steji, mbele wanakaa wawili kwenye kiti cha abiria. Nyuma wanakaa wanne, mmoja akiwa ameegemea mbele ili mabega yatoshee. Buti wanaingia watatu au wanne, wamekunja magoti, mlango unafungwa na mtu wa nje kwa sababu wa ndani hawezi. Halafu kuna yule anayeketi pamoja na dereva, upande wa mlango, dereva akibadilisha gia katikati ya gari kama mtu anayepika kwenye jiko la jirani. Mimi mwenyewe nimewahi kuhesabu 11 na gari likaondoka.

Siku moja nilimfungia buti mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Alikuwa wa tisa. Alisita. Nilimwambia, "Mwaitu, ingia tu, ni hapo karibu." Akaingia kwa sababu nilimwita mwaitu, nikazungumza kama mtoto wake. Kilomita chache mbele tairi la nyuma likapasuka, gari likaingia mtaroni kwa ubavu. Hakuna aliyekufa. Mtoto hakuumia. Mama aliteguka bega, na watu wa kwanza kufika walipoteza muda wakitafuta jinsi ya kufungua buti iliyojikunja. Alikuwa ndani humo, akiita. Dereva aliniambia jioni hiyo kwamba tairi lilikuwa bovu. Hiyo ilikuwa kweli. Ila si tairi lililomwambia mama aingie.

Tangu hapo nimekuwa nikipiga hesabu, na nataka tupige pamoja. Waliounda Probox waliandika wazi inabeba nini: kilo 400 za mzigo wakikaa watu wawili mbele, au kilo 250 wakikaa watu watano. Tuseme mtu mzima ana kilo 65. Abiria wanne ni kilo 260, ongeza 250 za buti, unapata 510 ukimwacha dereva. Hapo ndipo mwisho wa gari. Sasa pakia abiria kumi: kilo 650, hata kabla hujaweka gunia, kuku na jerikeni. Na hilo gari linakimbia juu ya tairi ndogo. Zile za asili ni tairi za magari ya mizigo, zenye ubavu mgumu. Zikiisha, mwenye gari ananunua mitumba ya tairi za saluni kwa sababu ni bei rahisi na rimu inakubali. Halafu fundi anainua springi ili gari lisiburute. Sasa gari linaonekana limesimama vizuri na limebeba mzigo usio wake, juu ya tairi zisizo zake, na ngoma mbili za nyuma ndizo zinaombwa zisaidie kulisimamisha kwenye mteremko. Kuinua springi hakukuongeza nguvu ya breki hata kidogo. Kulificha tu kosa.

Najua utasema madereva ni wajinga na wachoyo. Ngoja. Chukua safari ya Wote hadi Kathonzweni, kama kilomita 20. Kwenda na kurudi ni 40. Gari limejaa, linasimama kila kichaka, tuseme linafanya kilomita 12 kwa lita. Hizo ni lita tatu na kitu. Petroli ikiwa karibu shilingi 180, ni kama shilingi 600. Tuseme nauli ni mia moja. Abiria wanne kwenda, wanne kurudi: shilingi 800. Zimebaki 200. Hapo toa ya steji, toa ya yule anayeita watu, toa ya afisa aliyesimama kwenye kona na hataki kuona leseni. Na jioni mwenye gari anataka hesabu yake kamili. Kwa bei hiyo dereva anayefuata sheria analala njaa, na anayevunja anakula. Ukimweka padri kwenye usukani ule, kufikia Ijumaa atakuwa amepakia buti.

Sasa fanya nauli iwe 150. Wanne kwenda na wanne kurudi ni 1,200. Toa mafuta, imebaki 600. Hiyo ni biashara. Tofauti kati ya buti kuwa na mama na buti kuwa na magunia ni shilingi 50 kwa kila kiti, pamoja na zile za kona ambazo hazifai kuwepo kabisa.

Kuna watakaosema haiwezekani, Wakenya hawabadiliki. Uliza waliokuwa watu wazima mwaka 2004. Matatu za viti 14 zilikuwa zikibeba 18 na zaidi, watu wamening'inia mlangoni, na kila mtu alisema ndivyo ilivyo. Februari mwaka huo waziri John Michuki akasema viti 14 ni watu 14, mikanda, kidhibiti mwendo, mstari wa manjano. Nauli zikapanda. Watu wakatembea kwa miguu, wakalalamika, wakatukana. Halafu wakazoea kukaa kiti kizima. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nimekulia kwenye faida yake. Najua pia kwamba baadaye mambo yalilegea, na ukipanda matatu ya jioni leo utaona viti 14 vikiwa na watu 17. Hilo halinifanyi niseme Michuki alikosea. Linanifanya niseme polisi walichoka kabla ya wakora kuchoka.

Kinachonikera kwa serikali, ya Nairobi na hii yetu ya kaunti hapa Wote, ni jinsi wanavyojifanya Probox haipo. Ikitokea ajali unasikia msako. Siku tatu magari yanajificha, wafanyakazi wanatembea, boda wanapandisha bei, halafu msako unaisha na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa, ila bei ya kupita kwenye kona imepanda. Basi kubwa haliwezi kuingia Mavindini kila nusu saa kwa ajili ya watu wanne. Matatu ya viti 14 itangoja saa mbili ijaze. Boda haiwezi kubeba gunia, mgonjwa na anayemshika mgonjwa. Kati ya boda na matatu kuna pengo, na kwa zaidi ya miaka kumi limejazwa na gari moja tu. Lipeni nafasi mchana, si gizani. Lipigwe mstari, liandikwe ubavuni abiria 4, liwe na sako na bima inayomhesabu abiria, likaguliwe tairi na springi, nauli ibandikwe kwenye kioo. Halafu anayepakia wa tano ashikwe kweli, kortini, si kwenye kona.

Na wewe unayenisoma, usijitoe hapo. Ukija nyumbani Krismasi, ukiwa na mabegi na viatu vyeupe, wewe ndiye unayeuliza "mbona hatuondoki?" gari likiwa na watu sita. Wewe ndiye unayekataa kulipa 150 kwa sababu mwaka jana ilikuwa 100, kisha unanunua soda mbili ukishuka. Mimi nimesimama pale nje ya mlango, nimekusikia. Kelele zako ndizo zilizokuwa zikinipa nguvu ya kumwambia mwaitu aingie buti.

Wiki iliyopita nilikuwa naenda Kathonzweni. Nikapata Probox ya namba za KB, nzee, imepakwa rangi mara mbili, injini inalia vizuri kama cherehani. Nyuma tulikuwa watatu, mbele mmoja. Nikamwambia dereva, ambaye tunajuana tangu enzi za steji, kwamba nitamlipa viti viwili ili asiongeze mtu. Alicheka sana. Akaniambia, "Wewe chuo kiliharibu kichwa na hukumaliza hata." Akachukua mia mbili yangu, akaiweka kwenye kile kimeza cha Mjapani, tukaondoka tukiwa tumekaa kama watu. Tulipita shule, tukapita daraja. Kwenye kona ya kwanza baada ya daraja kulikuwa na mama mwenye ndoo mbili za maembe amesimama juani, na sijui alikuwa amengoja tangu saa ngapi. Dereva akaniangalia kwenye kioo. Nikasogea.